Grainda inanipa kahawa ya jana kwenye kikombe cha leo, nifanyeje?

MsagajiUsiku (Arusha)

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wale wenye mashine za espreso nyumbani. Nina grainda (mashine ya kusagia kahawa) ya mitumba ya Kiitaliano, nimeitumia miezi minne sasa, ilikuwa kwenye mgahawa mmoja uliofunga hapa mjini, lidude zito kama injini ya pikipiki, meno bapa (sahani mbili za chuma zinazosaga) ya milimita 64, juu ina bakuli la kumeza kilo nzima ya kahawa. Sisi nyumbani ni wawili tu, mimi na mke wangu, kila mtu kikombe kimoja asubuhi basi mpaka kesho. Kwahiyo lile bakuli nililitoa, napima gramu 18 namimina, nasaga, natoa shoti (kikombe kimoja cha espreso), halafu napima 18 nyingine.

Sasa shida ni kikombe cha kwanza. Kila siku ya Mungu kinatoka mbio, sekunde 18 au 19 gramu 36 za kinywaji zishajaa, ladha kama umelamba boksi la viatu. Cha pili bila kugusa kitu chochote kinatoka sekunde 27, kitamu. Cha kwanza ni changu cha pili ni cha mama watoto, kwahiyo yeye anashangaa mimi nalalamika nini.

Wiki iliyopita nilikuwa namalizia kahawa ya Mbinga iliyokaangwa sana, nyeusi inang'aa mafuta, nikahamia ya Karatu iliyokaangwa kidogo, aisee vikombe viwili vya mwanzo bado nasikia moshi wa ile ya Mbinga.

Kinachonichanganya ni mizani. Naweka 18.0 inatoka 17.9, kesho 18.0, kuna siku imetoka 18.1 kabisa. Kama yote inatoka, mabaki yanatoka wapi?

FundiMeno (Dar)

Mkuu hiyo 18.1 ndo imekujibu. Wewe umeweka 18.0 imetoka na zaidi, hiyo ya ziada imezaliwa humo ndani?

Fikiria daladala imejaa mpaka mlangoni. Kituoni wanashuka wanne wanapanda wanne, konda akihesabu vichwa ni vilevile ila sio watu walewale. Grainda yako ikishashiba, kila unachotia kinasukuma cha jana kitoke, mizani inaona vichwa tu. Kwahiyo kulinganisha kilichoingia na kilichotoka kwa mashine iliyoshiba haikusaidii kitu, itakudanganya mpaka uzeeke.

Ukitaka kujua kwa uhakika inabaki kiasi gani, kwanza chomoa kwenye umeme, sio kuzima swichi, CHOMOA. Chukua maka peni weka alama pale pete ya kurekebisha ulaini wa unga ilipo na kwenye mwili wa mashine, ili ukirudisha ujue ulikuwa wapi. Fungua taratibu huku unahesabu mizunguko, toa jino la juu, utakuta keki ya kahawa imeganda pembeni kuzunguka jino la chini na kwenye ule mfereji wa kutokea. Piga brashi, fyonza, ile yote uliyokwangua iweke kwenye karatasi uipime. Halafu nyuzi za ile pete (ile mikato ya kufungia kama ya skrubu) zipige mswaki mpaka ziwe safi, unga ukibaki kwenye nyuzi jino linakaa upande na utasaga vitu viwili tofauti kwa wakati mmoja, vumbi na changarawe. Rudisha, tia 18, saga, pima. Inayopungua hapo ndo namba yako, ndo kahawa ya kesho asubuhi.

Na hili ndo linawatesa watu wanaoanza: unageuza pete kidogo usage laini zaidi, shoti inayofuata haijabadilika maana sehemu ya unga ni wa kipimo cha zamani, unasema aah bado, unageuza tena, ya tatu inaziba haitoi hata tone. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa inatosha. Watu wanatukana kahawa, wanatukana maji, mchawi yuko kwenye mfereji.

KahawaChungu_Mvita

Nyie watu wa bara mna mambo wallahi 😂 bibi yangu alikuwa akikaanga buni zake asubuhi, atwange kwa kinu na mchi za kutosha dele moja tu (birika la kahawa), akimaliza apanguse kinu kwa kitambaa, kesho kinu kitupu. Hana mizani hana maka peni. Na kahawa yake ukinywa na kashata mbili usingizi mpaka uuombe.

Ila kwa kweli na mimi nina kijigrainda kidogo cha umeme nyumbani kinanuka mafuta ya zamani. Nimesikia ukisaga mchele mkavu mkono mmoja unakomba kila kitu, kweli au uongo?

FundiMeno (Dar)

Bibi alikuwa mbele yetu sote, kinu hakina mfereji wa kona, ndo siri yake yote.

Mchele usijaribu dada. Mchele mbichi ni mgumu kuliko kahawa iliyokaangwa, mota ya grainda ndogo inalia, na watengenezaji wengi wanakataza kabisa. Halafu unabaki na unga wa mchele badala ya unga wa kahawa, umehamisha mgonjwa wodi. Kuna vidonge maalum vya kusafishia grainda vinauzwa, unavisaga kama kahawa halafu unasaga kahawa kidogo ya kumwaga. Kama huvipati, fungua upanguse kwa kitambaa kikavu na brashi. Meno ya chuma usiyaoshe kwa maji, hasa huko kwenu na ule unyevu wa bahari, jumatatu unaosha jumatano kutu.

Kip_wa_Ruaka

Buda niliishi na hiyo shida mwaka mzima, iliisha na kitu ya kupulizia lenzi ya kamera, ile mpira kama limau kubwa. Nilikuwa nayo kwa droo sababu zamani nilikuwa napiga picha za harusi. Mashine ikimaliza kusaga usiizime, acha mota izunguke, ziba juu na kiganja halafu uingize ule mdomo wa mpira, puliza kama nne tano kwa nguvu. Utaona unga mwingine unatoka puu puu kama exosti ya matatu. Baadaye nikanunua kile kifuniko cha silikoni kinakaa mahali pa bakuli, unakipiga na kiganja, ni mvukuto wa mhunzi tu, hakuna sayansi kubwa hapo.

Lakini sikiza, hii wengi hawasemi. Ukianza kupuliza lazima upulize KILA shoti. Si uache leo, kesho ndio ukumbuke. Sababu ukiruka siku mbili ile kitu imejikusanya pembeni, ukija kupuliza siku ya tatu inashuka yote kwa potafilta moja (ile kikombe ya mpini ya kuweka unga), sasa hiyo kikombe ndio mbaya kuliko zote. Mimi niliteta hapa kwa nyumba eti mvukuto haifanyi, kumbe ni mimi sina nidhamu.

Na unga ukishuka kwa kupuliza unakuja na mabonge. Chukua sindano nyembamba tatu nne udunge kwa kizibo ya chupa ya waini, ukoroge kwa potafilta kabla ubonyeze. Inachanganya zile mabonge zisiketi upande moja maji ikapita kando.

Mama_Theluji (Edmonton)

Salamu zenu kutoka kwenye baridi. Huku kwetu Kanada Januari nyumba ina hita usiku na mchana, hewa kavu mpaka midomo inapasuka, ukivua sweta nywele zinasimama. Grainda nayo ni hivyohivyo. Unga unatoka unaruka, unanata kwenye plastiki, kwenye chuma, kwenye mkono wako, mpaka kwenye paka. Nyumbani Tanga sikuwahi kuona hiki kitu hata siku moja, nilidhani mashine mbovu.

Dawa ni maji. Najua mtashtuka lakini ni tone tu. Kabla ya kusaga punje zako ziko kwenye kikombe, chovya mpini wa kijiko kwenye maji, zikorogee, au chupa ndogo ya kupulizia, puliza mara moja, tikisa, saga. Umeme wa kusuguana unapungua sana na unga unadondoka chini kama watu wenye adabu.

Na sio uganga, mwaka 2023 watu wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, waliandika utafiti wao juu ya jambo hilihili, na mmoja wao kazi yake ni kuchunguza umeme wa majivu ya volkano, sasa nyie wa Arusha mlio karibu na Ol Doinyo Lengai mnaelewa majivu. Walichokuta ni kwamba kinachoamua ni unyevu uliobaki ndani ya punje. Kahawa iliyokaangwa sana imekauka zaidi na inasagwa laini zaidi kwahiyo inabeba chaji nyingi. Wakiongeza maji mpaka kama maikrolita 20 kwa kila gramu, chaji inashuka sana, mabonge yanapungua na maji ya espreso yanapita taratibu zaidi. Kwa gramu 18 hiyo ni chini ya nusu mililita, mimi hata robo sifikishi.

Angalizo, usimwage maji kwenye bakuli lenye kahawa ya wiki nzima. Na ukizidisha unapata tope ndani, yani umejenga ukuta wa matofali palepale ulipotaka kufagia. Ukiwa pwani hewa yenyewe imeshafanya hiyo kazi, huenda huhitaji kabisa.

Abu_Matrah

Ndugu zangu, hapa Muscat nje jasho linakutiririka lakini ndani ya nyumba kiyoyozi kimekausha hewa, kwahiyo nayaelewa ya dada wa Edmonton japo theluji nimeiona kwenye simu tu.

Nataka kuongeza kitu cha umbo. Hizi mashine za migahawani mfereji wake umelala, unga unasukumwa kando ndio uanguke, hakuna kinachouvuta chini. Mimi nilikata kipande cha mbao nikakiweka chini ya miguu ya nyuma, mashine ikainamia mbele kama nyuzi kumi na mbili hivi, na huo mfereji ukawa mteremko. Mabaki yalipungua nusu kabla sijafanya lolote lingine. Hakikisha mbao haitelezi, ikidondoka hiyo kwenye mguu ni hospitali.

Pia tazama pale mdomoni. Mara nyingi kuna kiulimi cha plastiki au wavu wa waya, kazi yake ni kuvunja mabonge na kupunguza kuruka kwa unga, lakini nyuma yake ndiko kahawa inakojibanza. Kuna watu wanautoa. Ukiutoa mabaki yanapungua ila unga unarushwa kila mahali, kwahiyo lazima uwe unatumia maji. Na ikiwa kuna kizuizi kilichowekwa ili kidole kisifike kwenye meno, hicho kiache nakuomba, hasa kama kuna watoto nyumbani.

Au uza hiyo ununue iliyoundwa kwa dozi moja moja, kama Niche Zero ya Uingereza yenye meno ya koni milimita 63, kahawa inashuka karibu moja kwa moja mpaka kikombeni. Lakini bei yake kwa mitumba yako unanunua tatu.

Mzee_wa_Moshi

Vijana mnateseka bure. Hiyo mashine ilitengenezwa kwa duka la kuuza kahawa ya kunywa. Dukani wanasaga shoti baada ya shoti, gramu tatu zilizobaki humo zimekaa dakika mbili, nani atazisikia? Kwa duka haina kasoro yoyote. Kasoro ni nyie mmeichukua trekta mnaendea nayo sokoni kununua nyanya.

Mimi nina ya aina hiyohiyo na nafanya hivi, asubuhi nasaga gramu tatu nne naziweka pembeni kwenye kopo, halafu nasaga ya kunywa. Gramu tatu kwa siku ni 90 kwa mwezi, zaidi kidogo ya theluthi ya pakiti ya robo kilo. Ile ya kopo ikijaa jumapili nachemsha kwenye sufuria na tangawizi, wajukuu wanaiita kahawa ya babu. Hakuna kilichotupwa.

Na bakuli lako lirudishe, au angalau weka kitu juu ya punje. Punje zikiwa nyingi uzito wa juu unazisukuma zinaingia kwenye meno kwa mpangilio. Ukitia 18 peke yake zile za mwisho zinaruka kama bisi kwenye sufuria lisilo na mfuniko, zinasagwa tofauti. Ndio maana ukihama kutoka bakuli kamili kwenda dozi moja moja inabidi ukaze pete kidogo usage laini zaidi. Sijui kama ulikaza.

Kip_wa_Ruaka

Mzee heshima, lakini unasaga tatu za kutupa wakati hujui mashine inashika ngapi? Kama inashika tano hizo tatu ni kunawa uso tu 😅

Mzee_wa_Moshi

Hapo umenishika kijana. Nitapima.

MsagajiUsiku (Arusha)

Wakuu nimerudi, jumamosi nzima imeisha. Nimefungua. Aibu yangu naiweka hapa: nimekwangua gramu 6.2, nyingine nyeusi imekauka kama lami, hiyo nadhani ni ya enzi za mgahawa kabla sijainunua, yani nimekuwa nakunywa historia. Nyuzi za pete nilipiga mswaki mara mbili.

Nikarudisha kwenye alama, nikatia 18.0, ikatoka 14.7. Gramu 3.3 imemeza papohapo. FundiMeno nakuvulia kofia, daladala kabisa. Kwenye kikombe cha kwanza karibu moja ya tano ilikuwa abiria wa jana.

Nikaweka mbao nyuma kama alivyosema Abu Matrah, nikafyonza tena kila kitu ili nianze kwa haki, nikatia 18.0 na kijiko chenye maji ya Mama Theluji, mwisho nikapuliza mara tano na mpira wa kusafishia masikio wa mtoto maana pampu ya lenzi sina. (Mpya, msinitukane.) Imetoka 17.4. Jumapili na leo nimefanya hivyohivyo, kikombe cha kwanza sekunde 26, cha pili 27, na pete nimekaza kidogo kwa ushauri wa Mzee. Mke wangu amekunywa cha kwanza leo bila kujua nimebadilisha zamu, hajasema kitu, kwahiyo tumeshinda.

Kimebaki kitu kimoja. Nikigusa ule mfereji wa chuma wakati inasaga napata kama kashoti kwenye kidole. Hiyo nayo ni ule umeme wa sweta?

FundiMeno (Dar)

Safi sana mkuu. Ila hapo kwenye kashoti tusimame. Inakupiga mara moja pap inaisha, au ukiacha kidole inaendelea kuwasha washa? Pap moja ndo ya sweta, haina neno. Ikiendelea ni umeme wa ukutani unavuja kwenye mwili wa mashine, na hapo tena tumeshatoka kwenye mambo ya kahawa. Plagi yake ni ipi, ya miguu mitatu ya kwetu au ile ya duara ya Ulaya na adapta?

MsagajiUsiku (Arusha)

Inawasha washa. Plagi ni ya duara, nilinunua adapta ya mtaani.

FundiMeno (Dar)

Chomoa sasa hivi. Zile adapta nyingi hazina erthi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), ule mguu wa tatu ni plastiki tu wa kufungulia tundu. Usiisage tena mpaka ukate plagi umuite fundi aweke ya miguu mitatu yenye erthi, na aangalie na mota yenyewe kama inavuja.

MsagajiUsiku (Arusha)

Nimeifungua hiyo adapta. Nyaya mbili tu humu ndani. Kesho nampigia fundi, asubuhi tutakunywa chai.